Mpimaji na Mashimo ya Makumbi

Jina lake nalijua, lakini silitaji. Ana watoto na wajukuu, na mimi sipendi kumwaibisha mtu ambaye hakuniaibisha. Sisi wanawake wa makumbi, huku kisiwani Pate, tulimwita Mpimaji. Mbele yake tulisema Bwana Mpimaji, naye aliitika kama aliyezaliwa na jina hilo. Alizaliwa wapi, babake nani, sikumuuliza. Mtu anayekujia na fomu ya kurasa kumi na nne kukuuliza mambo yako, utapata wapi nafasi ya kumuuliza yake?

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata mikunjo yake ingekata mkate. Begani mkoba mweusi, na ndani ya mkoba mzani wa kuning'iniza, utepe kama wa mshonaji, kalamu tatu, na chupa ya dawa ya kupakaza mikono. Alikuja mara moja kwa mwaka. Alishuka gatini Mtangawanda, akapanda pikipiki mpaka kwetu, na kabla hajaketi alikuwa ameshaandika saa aliyofika.

Kazi yake ilikuwa kupima kama Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Viumbe Hai unakwenda vizuri. Usitishike na jina. Alitueleza siku ya kwanza, barazani kwangu, kwamba Serikali imekaa ikaona kuwa vitu viotavyo na viishivyo, mnazi, mkoko, samaki, mwani, hata kinyesi cha ng'ombe, vyote ni utajiri, na sasa utajiri huo umeandikiwa mkakati. Bi Rukia, jirani yangu, ambaye ulimi wake huwasha kuliko pilipili, akamwuliza, "Kwani zamani mnazi wetu ulikuwa maiti?"

Mpimaji hakucheka. Alifungua fomu akatafuta pa kuliandika swali hilo, akapakosa, akaifunga.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mkali, wala hakuwa mjinga, ingawa Bi Rukia mpaka leo anasema alikuwa vyote viwili. Alikuwa mtu ambaye dunia yake ilikuwa na visanduku, na kisichoingia kisandukuni alikitazama kwa huruma kama maskini aliyekosa nyumba.

Nitakupa mfano. Swali moja katika fomu lilisema: taka za viumbe hai mnazitupa, au mnazitumia tena? Nikamwambia, mwanangu, taka gani? Makuti tunaezekea. Kumbi tunasokotea kamba. Kifuu tunafanya upawa, kikivunjika tunakokea moto. Machicha wanakula kuku. Mnazi wenyewe ukifa tunaupasua ukawa nguzo.

"Kwa hiyo taka ni ngapi, Bi?"

"Hakuna."

Akaandika, hakuna. Mwaka wa pili alirudi na jibu hilo limepigwa mstari mwekundu. Wakubwa wake wamesema kijiji hakiwezi kukosa taka. Na kama kweli hatuna taka, basi hatujazitumia tena, na kwa hiyo katika kiashiria cha kutumia taka tena tumepata sifuri. Kiashiria ndilo jina la kila kitu alichokuja kukihesabu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mahali fulani, hakusema wapi, watu wamepata alama nyingi sana. Walikuwa na jaa kubwa kama msikiti, wakalipunguza likawa kama nyumba.

"Unataka tuchafue ndipo tusafishe?" nikamwuliza.

"Mimi sitaki kitu, Bi. Mimi napima."

Neno hilo alilisema kila mwaka. Ukimlalamikia, anapima. Ukimsifu, anapima. Siku moja mbuzi wa Bi Rukia alikula ukurasa wa fomu yake, wenye samaki wote wa Kiunga, nasi tukadhani leo atatukana. Alimtazama yule mbuzi, akasema polepole, "Huyu naye yumo kwenye ukurasa wa kumi." Akaandika mbuzi mmoja.

Kitu kimoja lazima nimpe haki yake. Hakula cha mtu. Wamekuja wengi huku na mikoba, nami nimewaona wakiondoka na kuku wamefungwa miguu, na nazi, na hata mkeka wa msala. Huyu nilimpa dafu, akanywa kwa sababu ya kiu, kisha akaandika: dafu moja, limetumika. Nilimwekea halua ya Lamu, akaisogeza kando kwa kidole kama mtu anayesogeza mende. Kisha, nikiwa jikoni, namwona kupitia upenyo wa mlango anatia sukari chaini, kijiko cha kwanza, cha pili, cha nne, wala hahesabu! Na sukari yenyewe alikuwa nayo mwilini, ya ugonjwa. Mwanangu wa kike, ambaye ni mkunga, alimwambia siku moja, "Bwana Mpimaji, nyosha mkono nikupime damu." Akarudisha mkono nyuma kama mtoto anayeogopa kaa. Alipima nchi nzima, yeye mwenyewe hakutaka kupimwa.

Matope pia hakuyapenda. Alisimama juu, penye mchanga mkavu, viatu vimefungwa kamba mara mbili, akatunyooshea kalamu na kutuuliza kwa mbali. Sisi tuko chini, matope magotini, tunapaza sauti. Upepo ukichukua nusu ya jibu, aliandika nusu iliyofika.

Na semina nayo! Ilipangwa semina ya kutujengea uwezo wa kusokota kamba. Mimi nasokota kamba tangu sijaota meno ya pili. Akaja bibi mmoja wa mjini, amejipaka manukato, akatuonyesha kwa picha ukutani namna ya kusokota. Alisokota kinyume. Tulinyamaza kwa adabu, tukala wali. Bi Rukia alilala tangu dua ya kufungua mpaka dua ya kufunga. Mpimaji alikaa nyuma akihesabu vitwa, na alipofika kwa Bi Rukia nikamwambia, huyu amelala, mruke. Akanijibu kwa upole, "Fomu haiulizi nani alisikia, Bi. Inauliza nani alifikiwa."

Bi Rukia akafungua jicho moja. "Nimefikiwa," akasema, "sasa niwateni nilale."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hayo ni mapambo tu.

Makumbi, kwa asiyejua, ni maganda ya nje ya nazi. Sisi huyafukia kwenye matope ya pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, ndani ya mashimo tuliyoyazungushia mawe. Yanakaa humo miezi tisa, wakati mwingine kumi. Yanaoza, yananuka uvundo wa mayai mabovu, mgeni anashika pua. Kisha tunayafukua, tunayapiga kwa magongo, yanatoa usumba laini wa rangi ya dhahabu, ndio tunaousokota kamba. Kamba hizo zinafunga makuti ya mapaa, zinawamba vitanda, zinakwenda mpaka Ras Kitau kwenye mahoteli. Mashimo ni thelathini na moja. Langu lilikuwa la mamangu, na kabla yake la mamake. Tena tuna mwiko wetu: kumbi likishazama topeni halihesabiwi. Ukilihesabu, wanasema wazee, unaliamsha, nalo haliozi sawasawa. Sijui kama ni kweli. Najua mamangu hakuhesabu, na kamba yake ilifunga paa lililosimama mpaka mimi nikawa bibi.

Mwaka wa kwanza Mpimaji alikuja makumbi yakiwa topeni mwezi wa tatu. Akasimama mchangani, akauliza, "Uzalishaji wa mwaka huu ni kilo ngapi?"

"Umo chini," nikamwambia.

"Kilo ngapi?"

"Hatuhesabu yakiwa chini."

Akasubiri. Akatazama matope, akatazama mzani wake, akatazama fomu. Akaandika sifuri. Si kwa ubaya. Hakuona kitu cha kuning'iniza.

Mwaka wa pili alifika uso umemwiva. Aliketi barazani, akatusomea karatasi kutoka juu. Pwani itakayopata sifuri mara mbili itaandikwa kuwa haitumiki, na mwenye kuiomba kwa mradi wa maana atapewa. Na mwombaji keshajitokeza, bwana mmoja wa kunenepesha kaa, anataka kuzungusha uzio wa waya matopeni na kuwauzia wageni kaa wanono.

"Pwani yetu haitumiki?" nikasema. "Matako ya nani basi yamechubuka pale?"

"Mimi napima tu, Bi. Nitakuwa hapa mpaka keshokutwa. Nikiona kitu, nitaandika kitu."

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Sitamsingizia mtu. Ningeweza kumwambia, mwanangu, rudi baada ya miezi mitano. Asingeweza, lakini ningesema. Nilichofanya ni kwamba ile sifuri ya mwaka uliopita ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi, mjukuu wa wasokotaji, jina langu liandikwe na sifuri pembeni? Nikawaita wanawake wote alfajiri, nikawaambia, "Fukueni."

Bi Rukia akaniuliza, "Yana mwezi wa nne tu. Una akili weye?"

"Fukueni, tumuonyeshe."

"Kitwa chako kigumu kuliko kumbi bichi," akasema, lakini akachukua jembe. Mimi ndiye mkubwa wao. Walinifuata.

Tukafukua mashimo yote thelathini na moja. Tukatandaza makumbi pwani, chungu kwa chungu, mpaka mchanga haukuonekana. Mpimaji alitembea katikati yake akining'iniza na kuandika, akining'iniza na kuandika, na jasho lilimtoka hata mikunjo ya shati ikalala. Sikuwahi kumwona na furaha kama siku ile. Alipomaliza alinipa mkono.

Makumbi yenyewe yalikuwa mabichi bado. Tulipiga mpaka mabega yakavimba, usumba hautoki, unakatika kama nywele za mgonjwa. Tulisokota hivyo hivyo, kwa ubishi wangu. Kwa kamba ile fundi wa vitanda aliwamba kitanda cha harusi, na usiku wa harusi kitanda kikakatika na bwana harusi akaumia kiuno. Mamake alikuja mlangoni kwangu akanitupia kile kipande cha kamba miguuni, akaenda zake. Heri angenitukana.

Baada ya miezi mitatu kikaja cheti. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu, kwamba wadi yetu imepata ongezeko kubwa kuliko zote katika uzalishaji wa nyuzi za mimea. Kutoka sifuri mpaka kilo zile zote! Tukapongezwa kwa kupiga hatua. Bi Rukia alikichukua, akakigeuza upande wa nyuma, akakitumia kufunikia maziwa.

Mwaka wa tatu hatukuwa na kitu. Makumbi ya msimu mzima yalikuwa yameharibika, wanunuzi wametukimbia, wanawake wengi wamekata tamaa. Wengine walikwenda kwa watoto wao Lamu, wengine walishika kazi ya kuvunja kokoto. Mimi nilikusanya makumbi mlango kwa mlango, nikatosheleza shimo moja, langu. Yale thelathini yalibaki na maji na mawe. Na Mpimaji alikuwa njiani, na fomu yake, na sifuri ya pili.

Nilimngojea pale pale pwani, ndani ya matope, nimefunga kanga kiunoni. Alipotokea juu mchangani nikamwambia, "Yeo huandiki kwa mbali. Vua viatu, ndoo huku."

Kisha akaketi, akafungua kamba za viatu, akakunja suruali, akaja. Alitembea kama kuku aliyefungwa. Nikampeleka kwenye shimo langu, nikamwambia, "Tia mkono."

"Mkono?"

"Mzani wako haufiki humo. Mkono unafika."

Akakunja shati. Akapiga magoti, akatia mkono mpaka begani, na uso wake ukawa karibu na uso wa matope, na uvundo ule wote. Akapapasa. Nikaona macho yake yamebadilika.

"Yamo," akasema.

"Yamo."

"Mengi."

"Hatuhesabu."

Akatoa mkono, akatazama mashimo mengine, duara kwa duara la mawe, mpaka mwisho wa pwani. "Na haya mengine?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Nami nikamwambia neno moja tu. "Pia." Kisha nikapanda zangu kwenda kuswali, na uwongo huo mdomoni. Swala ile sijui kama ilipokelewa.

Niliporudi nilimkuta ananawa. Aliketi juu ya jiwe, akafungua fomu kwenye ukurasa wa tisa, ambao miaka yote alikuwa akiuruka.

"Bi, haya mashimo mnahifadhia nini?"

"Makumbi. Kwani umesahau?"

"Makumbi ni malighafi. Panapohifadhiwa malighafi panaitwa ghala." Akaandika, akanisomea, sauti kavu kama ya siku zote: "Maghala ya malighafi: thelathini na moja."

Wallahi nilidhani jua limempiga.

Basi ikawa kijiji chetu, katika makaratasi ya Serikali, ndicho chenye maghala mengi kuliko chochote, tangu Mkokoni mpaka Kiunga. Na pwani yenye maghala haiwezi kuandikwa kuwa haitumiki. Bwana wa kaa aliambiwa atafute kwengine. Mwaka uliofuata wakubwa wakaja wenyewe kuyaona, watu sita, miwani myeusi, wamefika maji yamejaa. Wakasimama pwani wanatazama bahari.

"Maghala yako wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Hapo," nikamwonyesha.

"Hapo majini?"

"Ngojeni muda wa saa sita hivi, yatatokea."

Ndege yao haikuweza kungoja. Wakashauriana, wakaandika kuwa maghala yetu yanafunikwa na bahari mara mbili kwa siku wala hayaharibiki, kwa hiyo yamejengwa kwa kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Tukapata cheti cha pili. Mpimaji alikuwa nyuma yao. Nilimtafuta kwa macho, akawa anatazama viatu vyake. Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho kwetu. Siku hizi anakuja binti mmoja na kishikwambi. Hakai, hanywi, wala hajui kunyamaza.

Mwaka huu, baada ya Mfungo Mosi, nilikwenda Lamu kutazamwa macho. Hospitalini, kwenye benchi la barazani, namwona mzee ameketi, mguu mmoja umefungwa bandeji, shati limepigwa pasi. Nikamjua kwa shati.

"Bwana Mpimaji!"

"Shikamoo, Bi." Akajaribu kusimama, nikamkalisha. Amestaafu. Sukari imemla mguu, alikuja kufungwa kidonda. Tukaulizana watoto, tukaulizana afya. Nina umri huu, nimezika mume na ndugu, na nilikuwa naogopa kama msichana. Lakini nilijiambia, mtu huyu hakuandika uwongo maisha yake yote ila ule niliomwandikisha mimi, na mguu huo haunipi uhakika kama nitamwona tena.

"Bwana Mpimaji, nina deni la maneno kwako. Lile shimo ulilotia mkono lilikuwa na makumbi. Yale mengine thelathini yalikuwa matupu. Nilikudanganya."

Hakushtuka. Alinyoosha kitambaa cha bandeji kwa kidole, polepole.

"Najua, Bi."

"Unajua nini?"

"Ulipokwenda kuswali niliyapapasa yote. Moja moja. Nilimaliza maji yameshanifika magotini."

Nikamtazama.

"Na ukaandika maghala!"

"Fomu iliuliza ni mangapi. Haikuuliza yana nini ndani." Akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona meno yake yakicheka. "Ghala tupu si ghala, Bi?"

"Na wakubwa wako wangekuuliza?"

"Hawakuuliza. Nao walikuwa na fomu zao."

Muuguzi akatokea mlangoni akamwita. Nikamshika kiwiko kumsaidia kuinuka, naye akasimama hapo amenishikilia, hakwenda. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa aliyemkatia tamaa:

"Yalijaa baadaye?"

"Yalijaa. Ilituchukua miaka miwili, wanawake wakarudi mmoja mmoja, lakini yalijaa yote. Wallahi hii si ya kukudanganya. Msimu huu usumba unang'aa."

Alifumba macho kidogo, akapumua. Kisha akaanza kuchechemea kuelekea mlangoni, na bila kugeuka akasema:

"Basi sikukosea. Niliandika mapema tu."